Ukurasa Usio na Mhuri

Niliyefunga chuo kwa sababu ya theluji ni mimi. Nasema mapema, kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla hamjasikia kwa wengine, maana wao wanaongeza chumvi na ile niliyonayo inanitosha.

Ilikuwa hivi. Chuo chetu kilikuwa kimepata seva yake ya kwanza, kompyuta ya kuhifadhi kurasa za mtandao, sanduku kubwa la rangi ya maziwa yaliyolala, na likawekwa kwenye chumba changu cha kompyuta. Mkuu wa chuo naye alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wakuu wenzake, na huko kila mmoja alikuwa anajisifia homupeji. Siku hizo neno tovuti lilikuwa bado halijatuzoea. Tulisema homupeji, na aliyelitamka vizuri alionekana amesafiri. Basi Mkuu akarudi, akaniita, akasema: "Fundi, Ijumaa nataka homupeji." Alivyosema ungedhani anaagiza pazia.

Mimi nina diploma ya umeme. Kompyuta nilikabidhiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kukaa chumba kile chenye joto. Kutengeneza homupeji sikufundishwa na mtu, ila nilikuwa nimegundua ujanja ambao mafundi wote wa wakati ule waliujua: ukifungua ukurasa wa mtu yeyote, unaweza kuiambia kompyuta ikuonyeshe ulivyoshonwa kwa ndani, nyuzi zote, mapindo yote. Basi unachukua shati la mwenzako, unabandua jina lake shingoni, unabandika lako. Nikachukua shati la chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, huko kwenye baridi. Nikabadilisha jina, nikabadilisha nembo, na palipokuwa na picha ya mnara nikaweka picha ya Mkuu. Kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kidogo, ukurasa mrefu, na mimi sikushuka mpaka chini.

Huko chini kulikuwa na tangazo la herufi nyekundu: chuo kimefungwa kutokana na theluji nyingi, wanafunzi wabaki mabwenini, na atakayelazimika kutoka avae buti.

Likakaa hewani wiki nzima. Sisi wenyewe hatukuliona, maana kila aliyefungua homupeji alikuwa anatazama picha ya Mkuu na kusema "safi sana" kisha anaondoka. Walioliona ni shirika moja la ng'ambo. Wakatuandikia barua pepe ya pole, wakiuliza tunahitaji mablanketi mangapi. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka mpaka kuku wanatembea kwa ncha za vidole.

Mkuu hakunifukuza. Alinitetea mbele ya baraza la chuo, akasema ni hitilafu ya mitambo. Lakini aliporudi alinisimamisha mlangoni kwake.

"Kuanzia leo, hakuna ukurasa utakaotoka kwenda duniani bila mhuri wangu."

"Mhuri unapigwaje kwenye kompyuta, mzee?"

"Utajua wewe. Si wewe ndiye fundi?"

Nikajua. Kila ukurasa niliuchapa kwenye karatasi, nikaupandisha juu kwa mhazili wake, mhazili akauweka kwenye trei, Mkuu akausoma na kalamu nyekundu mkononi, halafu, pa! mhuri. Nikaishusha karatasi hiyo chini, nikailaza kwenye skana, nikaipandisha kwenye mtandao kama picha, na mhuri wake wa zambarau pembeni. Picha hizo zilikuwa nzito. Mtu aliweza kubandika maharage, akaenda dukani, akapiga soga na muuza duka, akarudi akakuta maharage yameiva na Mkuu ndiyo kwanza ameonekana nywele.

Tukawa tunaishi hivyo, na mimi ndiye niliyeponza watu, kwa hiyo sikuwa na mdomo.

Kisha ikaja zamu ya idara. Kila mkuu wa idara alitakiwa kuleta ukurasa wake: nani anafundisha nini, na kazi gani za utafiti zimefanyika. Mkuu wa idara ya kilimo alikuwa bado si profesa, ila alikuwa anatarajia kwa nguvu zake zote. Alitarajia kwenye kutembea, alitarajia kwenye kukohoa. Ndiyo maana tulimwita Profesa Mtarajiwa. Jina hilo alilijua, na nadhani halikumuudhi. Ukurasa wake ulikuja na ramani nzuri ya udongo wa bonde lote, yenye rangi kama kanga mpya, na chini ya ramani jina moja tu. La kwake.

Nikailaza kwenye skana kwa mikono yangu miwili. Na huku najua.

Nilijua kwa sababu aliyechora ramani ile ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu msaidizi kwenye idara hiyo hiyo. Miaka aliyokuwa anapita bondeni na chuma chake cha kuchimbia sampuli, nyumba yangu ndiyo ilikuwa ghala lake. Sebule ilijaa vifuko vya udongo vyenye vibandiko. Siku moja mke wangu alikosea, akamimina sampuli ya kutoka ukingo wa mto kwenye chungu cha maua. Shemeji alilia machozi ya kweli, akarudi bondeni kuchimba upya. Maua yale, Mungu anisamehe, yalistawi kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Kesho yake, ramani ilipokwisha kupanda mtandaoni, shemeji akaingia chumba cha kompyuta, buti zikiwa na tope.

"Shemeji, hujambo? Leo umeniletea zawadi au umeniletea tope tu?"

"Fungua homupeji ya idara yetu."

Nikafungua. Tukasubiri. Rangi zikaanza kushuka taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, mpaka jina likatokea.

"Jina langu liko wapi?"

"Labda halijamaliza kufunguka."

"Usinitanie."

"Wewe ni shemeji yangu. Nisipokutania wewe nimtanie nani?"

Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Akaniambia nilichokuwa nakijua nusu. Alikuwa ameomba kwenda kusoma shahada ya uzamivu, na kila akiomba, barua ya kumtambulisha inatakiwa itoke kwa Profesa Mtarajiwa, na Profesa Mtarajiwa anasema bado, hujaiva, huna kazi yenye jina lako. "Sasa nimejua kwa nini sina," akasema.

Halafu: "Nataka ukurasa wangu mwenyewe."

"Andika, nikupandishie juu ukapigwe mhuri."

"Mhuri wa kuitwa jina alilonipa baba yangu? Sitaki."

Nikanyamaza. Mke wangu husema mimi nikiongea sana ujue sina kitu, nikinyamaza nina kitu. Na kweli nilikuwa nacho. Seva ile ilikuwa imekuja na utaratibu wake kutoka huko ilikotengenezwa: kila mtumishi aliyesajiliwa ana chumba chake kidogo ndani yake, na chochote utakachoweka humo kinaonekana dunia nzima kwa anwani ya chuo, kisha kialama kilichojikunja kama mnyoo, kisha jina lako. Vyuo vya wenzetu, wahadhiri walikuwa wamejaa kwenye vyumba hivyo: huyu ameweka masomo yake, huyu makala zake, huyu picha ya paka wake. Kwetu vilikuwa vitupu. Mkuu hakuvijua, na baada ya theluji mimi sikuwa na haraka ya kumjulisha.

"Shemeji," akasema, "umenyamaza."

"Naumwa koo."

"Huumwi koo. Tutaongea nyumbani kwa dada."

Hapo akawa ameniweza. Jioni nakuta wamekaa wawili, vikombe mbele yao, na chai yangu haijamiminwa. Mke wangu akanitazama tangu kwenye viatu kwenda juu.

"Hebu nieleweshe, baba watoto. Mdogo wangu alime, mwingine avune, na wewe ndiye uliyembebea kapu?"

"Nilitumwa kazi."

"Na sasa unatumwa na mimi."

Chai ikamiminwa nilipokubali.

Ukurasa aliutengeneza mwenyewe. Mimi nilikaa pembeni na kuonyesha kwa kidole. Nilimshauri aweke mpira wa dunia unaozunguka, maana ndiyo ilikuwa fasheni. Akasema dunia izunguke huko huko iliko. Hakuweka maua, hakuweka bendera inayopepea. Aliandika jina lake na la baba yake. Chini yake: ramani hii nimeitengeneza mimi. Kisha akaeleza alivyoitengeneza, shimo kwa shimo: hapa udongo mweusi unaopasuka kiangazi, hapa mchanga unaosaga meno, hapa udongo wa mfinyanzi unaonata kwenye buti mpaka unarefuka. Akaweka picha aliyopigwa na mzee wa shamba moja: yumo shimoni mpaka kifuani, tope usoni, anacheka meno yote nje. Ukurasa mwepesi. Ulikuwa unafunguka kabla hujamaliza kukaa.

Haikupita wiki mbili akaja anakimbia, na shemeji yangu si mtu wa kukimbia. Kulikuwa na barua pepe kutoka kwa mama mmoja, profesa wa udongo kwenye chuo kikuu cha mbali. Alikuwa anatafuta habari za udongo mweusi unaopasuka, akaangukia ukurasa ule. Alisema kuna nafasi moja ya uzamivu yenye ufadhili, na anataka kulipeleka jina la shemeji kwenye kamati. Kamati inakaa Jumatano ya wiki ijayo. Wajumbe wataufungua ukurasa wenyewe, kila mmoja ofisini kwake. "Ramani iliyochapishwa ina jina la mtu mwingine," aliandika, "kwa hiyo ukurasa wako ndio utakaowaonyesha kazi ni ya nani. Tafadhali usiuondoe."

Shemeji alisoma mstari huo wa mwisho kwa sauti, akausoma tena, kisha akanipiga bega mpaka likauma.

Tatizo la waungwana ni uungwana. Yule mama, kwa ustaarabu wa kwao, alimwandikia pia Profesa Mtarajiwa, akimpongeza kwa kuwa na msaidizi hodari namna ile, akimtajia kamati ya Jumatano, na akiuliza kwa upole ilikuwaje jina likasahaulika.

Alhamisi nikaitwa juu.

Mkuu alikuwa nyuma ya meza yake. Profesa Mtarajiwa alikuwa dirishani, ametupa mgongo, anatarajia.

"Fundi, kaa."

"Nisimame tu mzee. Nikikaa huwa nasinzia."

"Kuna ukurasa umetoka bila mhuri."

"Na unaichafua idara," Profesa akaliambia dirisha.

"Ni ukurasa wa udongo, bwana mkubwa. Kuchafuka kupo."

Mkuu aliuma mdomo. Nilimwona, alitaka kucheka. Mniamini, hakuwa mtu mbaya. Mwanangu alipovunjika mkono ni gari lake lililompeleka hospitali. Alikuwa tu ni mtu wa geti: alipenda kujua nani kaingia, nani katoka.

"Sikiliza," akasema. "Homupeji ni geti la chuo. Geti lina mlinzi. Haiwezekani kila mtu atoboe ukuta aweke mlango wake. Leo ni udongo, kesho mtu ataandika matusi, keshokutwa baraza litaniuliza mimi. Wewe uliniaibisha na theluji yako nikakusitiri. Sikusema neno. Sasa na wewe nisitiri. Mpaka Jumanne ukurasa huo uwe umefutwa."

Jumanne. Siku moja kabla ya kamati. Nikatazama mgongo wa Profesa Mtarajiwa, nikajua nani amechagua siku.

"Mzee, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Ramani ni ya nani?"

Profesa akageuka.

"Kazi ya idara ni ya idara. Huyo binti ni msaidizi. Msaidizi anasaidia. Hata mwashi ana mtu wa kumshikia ndoo."

"Sawa. Mashimo ulichimba wewe au ulishika ndoo?"

"Fundi!" Mkuu akapiga meza. "Hilo si lako."

"Basi na kufuta si kwangu, mzee."

Nilitoka kwa hatua za mtu jasiri. Nilipofika ngazini nikakaa kwenye ngazi ya kwanza, mimi niliyekataa kiti.

Mhazili wa Mkuu akanifuata huko huko ngazini. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mtulivu. Kwa miaka aliwachapia wakubwa wote kazi zao, na kwa masikio yake hakuna mlango uliokuwa mnene.

"Fundi, hivyo vyumba vya kwenye seva, ni vya walimu peke yao?"

"Ni vya kila mtumishi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Hata mlinzi wa geti."

"Nionyeshe. Mimi nimeandika majina ya watu mpaka vidole vimepinda. La kwangu sijawahi kuliona likichapwa popote isipokuwa kwenye karatasi ya mshahara, na hapo napo wanalikosea."

Kesho yake wakati wa mapumziko akaja, akakaa, akapiga ukurasa wake haraka kuliko mtu anavyokula karanga. Jina, kazi, miaka aliyotumikia chuo, na mwisho: ukitaka kumwona Mkuu wa chuo, anza na mimi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nikamweleza kisa cha shemeji na kamati ya Jumatano, kitu chote. Sikumwomba kunyamaza. Kumwomba mhazili anyamaze ni kumdharau. Anajua mwenyewe kipi kinatoka na kipi kinabaki. Hiki alikitoa. Jumamosi, siku ambayo chumba changu huwa na mimi na feni, walikuja mkutubi, mwalimu wa hesabu, na mwalimu wa michezo. Jumatatu hakukuwa na viti. Mwalimu wa hesabu aliweka maswali ya mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu. Mkutubi akaweka vitabu vipya na majina ya wasiorudisha, wengi wao wakiwa wahadhiri wakuu. Mwalimu wa michezo akaweka picha ya timu ya chuo na kuandika kwamba mechi ya mwisho ilikwisha kwa heshima. Tulifungwa manne.

Niliwafundisha kuweka, na nikawafundisha kufuta pia, maana ajuaye kushona asijue kufumua ataharibu nguo. Kila mtu alifuta na kurudisha ukurasa wake mpaka mkono ukazoea. Hakuna hata mmoja aliyepandisha karatasi juu. Na hakuna aliyeulizia mhuri, ila mwalimu wa hesabu alipomaliza alichovya kidole gumba kwenye wino, akagandamiza kwenye daftari lake, akasema, "Haya, wangu nimeshapiga."

Msidhani sikuogopa. Jumatatu jioni nilikaa mezani nikawa natazama sahani. Watoto walikuwa nje wanagombania baiskeli. Shemeji akaja, akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Shemeji, nimefikiria. Kesho asubuhi nitaufuta mwenyewe."

"Ufute nini?"

"Ukurasa. Una watoto. Mimi niko peke yangu, nitajaribu mwaka mwingine. Sitaki ufukuzwe kwa ajili ya tope langu."

Mke wangu aliweka mwiko chini taratibu, na nyumbani kwangu mwiko ukiwekwa taratibu watu hutafuta pa kujificha.

"Mwaka mwingine upi?" akamwuliza. "Huo ambao Profesa wako atakuwa amekuandikia barua? Wewe ulipotoka bondeni miguu imevimba nani alikukanda? Mimi. Sikukanda miguu ya msaidizi."

"Dada, kazi ya mume wako..."

"Mume wangu akifukuzwa atakaa nyumbani, atatengeneza lile bomba la jikoni analoniahidi tangu mtoto wa mwisho hajaota meno. Tutakula mboga bila nyama. Tumeshawahi. Hatukufa."

Wakanitazama wote wawili. Nikataka kutoa mzaha, ukakataa kuja.

"Ukiufuta nitaurudisha," nikamwambia. "Ninayo nakala. Ukiufuta tena nitaurudisha tena. Utachoka wewe, mimi ni mtu wa kukaa kitini kutwa."

Alilia kidogo, kwa hasira, akijifuta kwa mgongo wa mkono kama anavyojifuta tope. Kisha akakaa, akala.

Jumanne Mkuu alishuka mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Chumba changu alikijua kwa simu tu. Ilikuwa saa ya mapumziko, na watu walikuwa wamejaa: mkutubi, mwalimu wa hesabu, wa michezo, na wengine wa idara nyingine ambao sikuwa hata nimewafundisha, wamefundishana wenyewe. Mhazili aliingia nyuma ya Mkuu na daftari lake la kuandikia. Profesa Mtarajiwa aliingia wa mwisho, akatazama pa kusimama pasipo na vumbi, hakupaona.

"Fundi," Mkuu akasema. "Umeufuta?"

"Sijaufuta, mzee."

"Unakataa?"

Watu walikuwa wanatazama. Shemeji alikuwa ndiyo anafika mlangoni, na buti zake.

"Nakataa."

Ni neno dogo, lakini nilikuwa sijawahi kumwambia mtu aliyevaa tai. Lilitoka na sauti nyembamba kuliko nilivyopanga.

"Basi nitaufuta mimi. Sogea."

Nikasimama. Nikafuta kiti kwa kiganja, nikamvutia. Neno la siri nikaliandika kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, nikaliweka mbele yake.

"Seva ni ya chuo, mzee, na chuo ni chako. Sikufichi kitu. Ila mkono wangu hautafuta."

Akavaa miwani. Akaandika neno la siri kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama kuku anayechagua punje kwenye mchanga. Seva ikakubali. Kwenye kioo yakatokea majina, moja chini ya jingine. Alitegemea kukuta moja. Akashuka, akashuka, akaona la mkutubi, la mwalimu wa hesabu, akaona la mhazili wake. Hapo alisimama, akageuka kumtazama. Mhazili aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesalimiwa kanisani.

"Mhuri wangu uko wapi kwenye yote haya?" akauliza.

"Uko juu mezani, mzee," mhazili akasema. "Nimeufunika usikauke."

Akalifungua la shemeji. Ukurasa ukatokea papo hapo, picha na maneno. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Mkuu kuona ukurasa wa chuo chake ukifunguka bila kusubiri. Akasogeza uso. Mwanzo nilidhani anatafuta pa kufutia, kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasoma. Alisoma udongo mweusi unaopasuka, akasoma mchanga unaosaga meno. Alishuka mpaka chini kabisa, akapanda tena kwenye picha.

"Huyu shimoni ni nani?"

"Ni mimi, mzee," shemeji akasema kutoka mlangoni.

"Shimo lina urefu gani?"

"Mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Mengine yananipita kimo."

"Na yako mangapi?"

"Bonde zima, mzee. Yote nilichimba mimi."

Mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa. Profesa Mtarajiwa akakohoa.

"Mkuu, tusipoteze muda. Kesho watu wa nje watafungua kitu hiki."

"Ramani hii," Mkuu akamwuliza bila kugeuka, "wewe ulikuwepo bondeni?"

"Nilikuwa nasimamia."

"Ukiwa wapi?"

"Mkuu, taratibu ni taratibu. Wewe ndiye uliyeziweka. Ukurasa hauna mhuri. Ukiuacha huu, utaacha yote."

Hapo alimpata. Nilimwona Mkuu akijinyoosha, akirudi kuwa mtu wa geti. Mkono wake ukarudi juu ya kipanya. Ukakaa hapo.

"Inafutwaje?"

Akageuka kwa Profesa Mtarajiwa.

"Nionyeshe."

"Mimi? Hapana, kazi hizo... zangu hufanywa na mhazili."

Mkuu akamtazama mhazili. Mhazili alikuwa amefungua daftari lake, kalamu tayari, kama anasubiri kuandika kitakachosemwa. Hakuinua macho. Mkuu akamtazama mkutubi; mkutubi akapanga upya vitabu vitatu ambavyo vilikuwa vimepangika. Mwalimu wa hesabu aliangalia dari kama mtu anayejumlisha. Mwalimu wa michezo akafunga mikono kifuani. Mimi alinipita bila kusimama, jibu langu alikuwa nalo. Shemeji alikuwa bado mlangoni, hajaingia, hajatoka, na tope la buti zake lilikuwa limeanza kudondoka sakafuni.

"Mnajua wote," Mkuu akasema. "Majina yenu nimeyaona hapa. Mnajua."

Feni ikazunguka, ikapeperusha kile kikaratasi cha neno la siri mpaka ukingoni mwa meza. Hakuna aliyekidaka. Mkuu mwenyewe akainama, akakiokota, akakiweka mahali pake, akalaza kiganja juu yake. Alipoongea tena ile sauti ya ofisini haikuwepo.

"Jamani, naomba. Mtu mmoja tu, aje anionyeshe inavyofutwa."